Kiti Kimoja Tu

Mkaaji alikuwa anakaa tangu asubuhi. Hiyo ndiyo kazi aliyoundiwa, kukaa na kuinuka, na aliifanya bila kinyongo. Kilo mia mbili na hamsini za chuma, mpira na maji zilikipa kiti mgongo, zikakunja magoti taratibu, kisha mwishoni zikajiachia, puu! Sakafu ya Jumba la Majaribio pale Tanga ikatikisika na vikombe vya chai vya mafundi vikagongana. Kiti kikapokea mzigo wake kimya. Roboti akaegemea, akanyoosha miguu, akashusha pumzi aliyofundishwa kushusha, halafu akainuka kwa kuusukuma mkono wa kulia wa kiti na kuanza upya.

Mhandisi Sikudhani Mgaza ndiye aliyemfundisha ile puu. Roboti wa zamani walikuwa wanateremshwa juu ya kiti polepole, kama yai, na viti vilivyofaulu vikaenda kuvunjikia majumbani kwa watu. Sikudhani ndiye aliyeona kosa liko wapi. Kiti cha mtu mnene hakivunjwi na uzito peke yake. Huvunjwa na zile sentimita chache za mwisho, goti linapochoka na mwili ukaanguka. Huvunjwa na mkono mmoja unaobeba mwili mzima wakati wa kuinuka, na pia na mtu anayekalia ubao wa kuwekea miguu huku akitafuta kandambili zake. Yote hayo Mkaaji aliyajua sasa, na Tanga nzima ilijivunia roboti wake. Hata watoto wa shule waliletwa kumwona akikaa.

Kiti alichokuwa anakijaribu kiliitwa kitilala, kwa kuwa ni kiti na ni kitanda, kwa kadiri utakavyokiomba. Kilisikia sauti. Ukisema "nyanyua," injini mbili zilizofichwa chini hukuinua mpaka unasimama. Ukitaka kulazwa unasema neno moja tamu ambalo Sikudhani alilichagua mwenyewe: "starehe."

Siku hiyo alikuwa na mgeni. Shangazi yake, Bi Mwanamkasi, aliyemlea tangu utoto, alikuwa amekuja kwa treni ya sumaku kutoka Pangani kuchagua kiti. Alikuwa mama wa mwili hasa, mrefu na mpana, mwenye sauti ya kujaza ukumbi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Daktari alisema wazi kwamba asipoipumzisha miguu, mwaka hautaisha kabla hajaacha kutembea. Viti vitatu alivyopelekewa nyumbani alivigawa kwa majirani, kila mara kwa sababu mpya: hiki kifupi, hiki kinatoa joto, hiki kinanitazama vibaya. Sikudhani aliupenda utani wa shangazi yake, ila safari hii alikuwa na hofu ya kweli.

Bi Mwanamkasi alipotokea mlangoni, mafundi wawili, Mhina na Semkiwa, walikuwa wamejipumzisha kwenye vitilala vilivyopangwa ukutani. Wakaanza kuinuka kwa adabu.

"Shikamoo, shangazi. Karibu kiti."

"Marahaba, wanangu." Akawazuia kwa kiganja, kama afanyavyo kila mstaarabu anayewakuta watu wameketi. "Starehe, starehe!"

Vitilala vyote vikatii. Mhina, ambaye alikuwa ameshainuka nusu, akarudishwa kwa nguvu miguu juu, kiatu kimoja kikaruka. Semkiwa akalazwa chali na andazi mdomoni.

Bi Mwanamkasi alicheka mpaka akashika ukuta. "Siku, mwanangu! Mimi nawaambia wasisumbuke, viti vyako vinawaangusha!"

Sikudhani alijishika kichwa. Miezi yote ile aliliwaza neno lake kama raha ya mtu aliyejilaza, tena alilichagua kwa mbwembwe. Hakukumbuka kwamba ndilo neno la kila aingiaye mahali na kuwaambia waliokaa wasiinuke. Kulibadilisha kulimuuma. Akapata njia nyingine: chini ya kila kitilala palikuwa na mkeka wa mizani unaopima miguu ya mtu inabeba kiasi gani. Akakiamuru kiti kisilisikie neno lile mpaka uzito wa mwili utoke miguuni na kukilalia chenyewe. Anayeinuka hataangushwa tena.

Kisha akamshika shangazi yake mkono, wakapita kiti kwa kiti.

"Usianze na kitambaa," alisema, akikipindua kimoja. "Anza chini. Kiunzi hiki ni cha chuma, kimefungwa kwa bolti, hakikupigwa pini. Ona msingi ulivyo mpana, ukiuegemea mkono mmoja hakipinduki. Binya sponji."

Bi Mwanamkasi akabinya. Sponji ikarudi palepale.

"Ile inayobaki imebonyea, baada ya miezi michache unakalia mbao," Sikudhani akaendelea. "Na kikalio kiwe kipana, mapaja yasibanwe."

"Kinabeba kilo ngapi?"

"Mia mbili na hamsini. Na hizo ni kilo za kuanguka, shangazi, si za kuwekwa taratibu."

"Mashaallah," alisema yule mama, na macho yake yalisema hivyohivyo. "Haya yote umeyatoa kichwani mwako?"

Akachagua cha rangi ya zambarau. Akakipa mgongo, akashuka kwa madaha, akatandaza kanga yake magotini. "Haya, nimekaa. Starehe!"

Kiti hakikujigusa. Kikasema kwa sauti yake ya upole: "Hakuna aliyekaa."

"Kipofu hiki!" Bi Mwanamkasi akaangua kicheko. "Mwili wote huu hakiuoni?"

Mhina akakimbilia nyaya, akidhani amri mpya imeharibu kitu. Sikudhani alitazama kioo cha vipimo. Kiti, kilo sitini na nne. Miguu, kilo tisini na nane. Akapiga magoti mbele ya shangazi yake na kuweka mkono juu ya paja lake. Chini ya kanga lilikuwa gumu, na lilikuwa linatetemeka.

"Shangazi, hujakaa."

"Nimekaa, mwanangu."

"Umejibeba. Unachuchumaa juu ya kiti."

Kicheko kikamwisha yule mama. Mafundi wakajifanya wana kazi upande wa pili.

"Ilikuwa maulidi," alisema hatimaye. "Wewe ulikuwa bado mdogo. Kiti cha plastiki kikapasuka, nikafika chini."

"Walikucheka?"

"Wangecheka, ningecheka nao. Waliniinua kwa heshima, kisha mwenyeji akapaza sauti ukumbi mzima: mleteeni viti viwili! Wakavipandanisha kimoja juu ya kingine, watu wote wananitazama. Toka siku ile, kila ninakoingia, hata sijatoa salamu, nasikia hilo. Mleteeni viti viwili. Kwa hiyo nasimama. Na pasipo budi kukaa, najibeba."

"Hata nyumbani kwako?"

"Hata nyumbani. Miguu imeshasahau."

 Kila daktari alimlaumu Bi Mwanamkasi kwa unene, na Sikudhani mwenyewe alikuwa ameamini hivyo. Kumbe magoti yale yalikuwa yanalinda zamu miaka yote, yanamsimamia mwanamke anayeonekana ameketi. Alikuwa amemfundisha roboti kila namna ambayo mtu mzito hukaa, isipokuwa hiyo ya shangazi yake.

Akamwomba ainuke. Akamwita Mkaaji, akamwelekeza kwenye kile cha zambarau. Puu! Bi Mwanamkasi akafumba macho. Puu! Akafumbua moja. Mara ya tatu alisogea mwenyewe, akainama, akasikiliza kama kuna chuma kinacholia. Hapakuwa na kitu.

"Ameshaanguka yeye badala yako," alisema Sikudhani. "Zamu yake imekwisha. Na hiki ni kimoja, shangazi. Kimoja tu."

Bi Mwanamkasi akageuka, akashuka. Kwenye kioo namba ya miguu ilibaki juu, ikasita, kisha ikaanza kuporomoka. Kiti, tisini. Mia na ishirini. Paja likalegea, halafu la pili. Mia na hamsini. Hakuna kilichopasuka, hakuna aliyepaza sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Kisha akamwona Sikudhani amesimama mbele yake, na kwa mazoea akashika mikono ya kiti ainuke ampishe.

Sikudhani akamzuia kwa kiganja. "Starehe, shangazi."

Neno lile Bi Mwanamkasi aliwapa watu kila alikoingia. Yeye, tangu maulidi yale, hakuna aliyempa, kwani hakuna aliyemkuta amekaa kweli. Kitilala kikamlaza polepole, kikamwinulia miguu, nyayo zake zikaiacha sakafu. Hakuchukua muda akaanza kukoroma.

Mhina aliuliza kwa kunong'ona kama amwashe Mkaaji amalizie kazi ya siku. Sikudhani akatikisa kichwa. Mafundi wakabaki wamesimama, mhandisi amesimama, roboti naye amesimama na mikono yake ya chuma ubavuni. Katika jumba lote lile la viti, mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa amekaa.