Mguu wa Anastazi

Landrova ilirudi kutoka vitani bila dereva wake, Anastazi, na tangu irudi ilinuka petroli hata ilipokaa kutwa nzima bila kuguswa. Emilian, dereva mpya wa zahanati ya kijiji cha ujamaa pale Mabawe, alikagua mipira ya mafuta, akaiona mizima. Akafungua madirisha, akajisemea kwamba harufu itaisha yenyewe.

Masika ya mwaka ule wa sabini na tisa, mkewe Secilia alishikwa na uchungu wa mimba yao ya kwanza, na mtoto akagoma kutoka. Alasiri mkunga Benedicta akatoka nje, damu imemfika viwikoni.

"Mtoto amekaa vibaya, baba. Mimi nimefika mwisho. Akapasuliwe hospitali, tena leo hii."

Wakambeba Secilia na godoro lake, wakamlaza nyuma ya gari. Emilian akapiga stata. Injini ikazunguka, ikakohoa, isiwake. Alipofunua boneti alikuta petroli ikichuruzika ubavuni mwa kabureta.

"Imekunywa mafuta kupita kiasi," alimwambia Shilinde, jirani Msukuma aliyekwenda vitani na mgambo na kurudi akitembelea gongo, mguu mmoja kauacha huko. "Na choki ya kuongeza mafuta sikuivuta."

Akafungua plagi. Zote zilikuwa chepechepe. Akazifuta kwa shati lake, akaenda kuzikausha jikoni kwa Benedicta, akazungusha injini bila plagi ili iteme mafuta yaliyojaa ndani. Akazirudisha, akajaribu tena. Ikakohoa tu, na plagi zikatoka zimelowa vilevile. Akafungua kabureta, akakagua boya na sindano inayozuia mafuta. Havikuwa na kasoro. Akaifunga, akapiga stata mpaka betri ikafa.

"Emilian," Secilia aliita kwa sauti nyembamba. "Mwambie huyo aliyekaa mbele aache kuhema hivyo. Ananitisha."

Mbele hapakuwa na mtu.

Emilian akainama tena kwenye injini, na ndipo alipoona kwamba kile kifimbo kinachotoka kwenye pedali kwenda kwenye kabureta kilikuwa kikienda na kurudi, kikienda na kurudi, haraka haraka, na kila kilipokwenda petroli iliruka kooni mwa kabureta, chwi, chwi, chwi. Akazunguka polepole mpaka mlangoni huku mvua ikimpiga kisogoni, akachungulia, akaona kiti kitupu kimebonyea katikati kama kimekaliwa na mtu mzito, na kule chini pedali ya mafuta ikipanda na kushuka peke yake, imejaa tope jekundu bichi ambalo yeye hakuliingiza.

Shilinde alikuwa amesogea nyuma yake. Akaongea kwa kunong'ona.

"Ni Anastazi. Nilikuwa naye siku ile. Makombora yanatuangukia, gari limekataa kuwaka, sisi tukaruka tukakimbilia migombani. Yeye akabaki anakanyaga mafuta. Anakanyaga, anakanyaga, anatazama nyuma. Tulimtoa amekufa, mguu bado uko kwenye pedali."

"Atafutwe mtu wa kumwondoa," alisema Benedicta, akijifanyia ishara ya msalaba.

"Huyo mtu atafika saa ngapi, mama? Mke wangu anakufa."

Emilian akaingiza kichwa mlangoni.

"Shikamoo, kaka Anastazi. Usipigepige hivyo, unaizamisha. Kanyaga mara moja mpaka chini, ushikilie hapo hapo. Mimi nazungusha."

Pedali ikasimama. Halafu ikashuka taratibu mpaka ikagusa sakafu, ikabaki huko.

Benedicta akakimbia ndani kuchukua blanketi. Emilian akachomeka hendeli ya kuzungushia injini mbele ya gari, akazungusha kwa nguvu zake zote. Injini ikatema moshi mweusi, ikanguruma. Alipiga ukelele wa furaha, akasikia na Secilia akicheka na kulia kwa pamoja.

"Achia sasa, kaka! Achia mguu!"

Mguu haukuachiwa. Injini ilipanda sauti mpaka mabati ya zahanati yakatetemeka, mlango wa dereva ukajifunga, gia ikaingia kwa kishindo, na Emilian akajirusha matopeni gari likimpita begani, likashika barabara na Secilia wake ndani, likaenda kwa mwendo ambao dereva mwenye roho asingeuthubutu kwenye utelezi ule.

Akalifuata kwa miguu, mbio, akifuata alama za matairi na huku akijipa moyo kwamba zinaelekea hospitali. Na kweli zilielekea huko. Alipofika langoni jioni, mlinzi alikuwa amekaa chini, hajui hata kofia yake iko wapi.

"Gari la zahanati limefika?"

"Limepita," alisema mlinzi. "Nilijaribu kulisimamisha, ndugu yangu. Nilisimama katikati ya njia. Dereva amevaa kijeshi, hakunitazama. Alikuwa anatazama nyuma."

"Na mke wangu?"

Mlinzi akainamisha uso. "Alikuwa anapiga kioo."

Alama zilipita lango, zikateremka kuelekea mto Kagera, zikaingia kwenye mafunjo na kuyalaza chini mpaka majini. Watu wa Mabawe walifika asubuhi na kamba. Walimkuta Emilian amesimama mtoni, maji yamemfika kifuani, akipapasa chini kwa miguu, na walipomwita atoke aliwaambia wanyamaze kwanza, asikie kioo kinapopigwa.