Raya Aulizwa Kama Ana Swali

Asubuhi kwetu Dunda huanza kwa ukili wa mikeka. Mimi hukaa ukumbini, nasuka. Mjukuu wangu Raya hufagia ua, huku tunategana vitendawili.

"Kitendawili!" nilimwambia siku ile.

"Tega!"

"Askari wangu mwekundu kasimama ukutani mwaka mzima. Hali, hanywi. Siku ya vita anatema povu."

Raya akacheka. "Mtungi wa kuzimia moto! Bibi, leo umenitegea chepesi makusudi."

Kweli, nilitaka moyo wake utulie. Siku hiyo alikuwa anakwenda Mapinga kwenye usaili. Kampuni moja yenye maghala makubwa ilikuwa inatafuta watu wa kikosi chake cha zimamoto. Raya alikuwa na cheti cha mafunzo hayo. Kwa miaka miwili cheti kilikuwa kimelala sandukuni mwangu, katikati ya kanga. Alikuwa ameomba kazi sehemu nyingi, lakini hii ndiyo mara ya kwanza kuitwa.

Kazi hii aliitaka tangu yuko darasa la sita. Mwaka ule nyumba moja ya mtaani iliungua. Watu walisimama na ndoo, kila mtu akimwaga anapojua yeye. Mtoto akaniambia, "Bibi, mimi nitajua pa kumwaga."

Kabla hajatoka nilimpa nasaha. Sikia nilivyomwambia, maana kosa ni langu.

"Mwanangu, ukifika, salimu kila mtu. Ukiulizwa, jibu. Mwisho wakikuuliza kama una neno, waambie huna. Wakubwa hawahojiwi."

"Na wakishikilia niulize, bibi?"

"Wakishikilia, waulizie ukoo. Mji huu kila mtu ana mtu wake. Mkubwa akiulizwa watu wake, moyo wake unafurahi."

Raya aliondoka amevaa baibui yangu ya sikukuu. Nikaendelea na ukili wangu, nina hakika nimemfunda vizuri.

Alirudi alasiri. Hakuvua viatu. Alikaa palepale kizingitini, akaficha uso kwa mikono.

"Vipi, mwanangu?"

"Nimejiaibisha, bibi."

"Walikuuliza magumu?"

"Ya kazi nilijibu yote. Moto wa mafuta, moto wa umeme, namna ya kumtoa mtu kwenye moshi, yote. Mwisho yule mwenyekiti wa jopo, Bwana Mwishehe, akaniambia, 'Raya, na wewe una swali lolote kwetu?' Nikasema sina, mzee. Akasema, 'Hata moja? Kazi ya kuingia kwenye moto, huna hata swali moja?' Wote watatu wakanitazama. Nikaona nisipouliza nitaonekana mjinga."

"Ukauliza?"

"Nikauliza. Nikamwambia, samahani mzee, wewe ni wa kwa nani?"

Mimi nilikuwa natabasamu. "Akasema wa kwa nani?"

"Bibi! Mama mmoja wa jopo alicheka mpaka akaangusha kalamu. Bwana Mwishehe akabadilika uso. Akasema, 'Mimi mtu wa Lugoba, na hapa hatuajiri kwa ujomba. Ahsante, unaweza kwenda.'"

Mtoto wa watu alikuwa amebeba maneno yangu mpaka Mapinga, na mbele za watu yakamvua nguo.

Majibu hayakuja. Raya akaacha kwenda gengeni mchana, kwa sababu mmoja wa wasailiwa siku ile alikuwa kijana wa mtaani kwetu, naye alikwishaitangaza habari. Vijana walipomwona walipigiana kelele, "Oya, huyu wa kwa nani?" Alipita ameinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nazisikia kelele zile, najisikia kuingia chini ya mkeka.

Baada ya wiki tano tangazo likatoka tena. Walitaka watu wanane, walikuwa wamepata watano.

"Peleka barua tena," nilimwambia.

"Kwa Bwana Mwishehe yule yule? Bora nisuke ukili na wewe mpaka nizeeke."

Hapo nikajua nina safari. Safari yenyewe haikuwa ndefu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu anakaa Dija. Huyu alifanya kazi ya zimamoto miaka ishirini na mbili, mpaka akawa anaendesha gari la maji. Sasa amestaafu. Lakini kwa miaka yote ile sikuwahi kuingia kwake, na sababu ninaijua mimi. Zamani alipokuwa akipita na suruali na mabuti, nilisema barazani kwa sauti, "Yule ni mwanamke au ni gari lenyewe?" Wenzangu wakacheka. Dija alisikia. Akasema, "Shikamoo Bi Biubwa," akapita.

Nilimshika Raya mkono, tukaenda. Tulimkuta Dija uani, anakuna nazi.

"Shikamoo Bi Biubwa. Leo mwezi umeandama mchana?"

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kuomba radhi kwanza. Halafu nimekuja kuomba msaada. Ukinipa la kwanza ukaninyima la pili, nitaridhika."

Dija akaacha kukuna. "Radhi ya lile neno la gari?"

"Lile lile." Sikuweza kumtazama usoni.

Akakung'uta machicha mikononi. "Liliniuma, mama. Sitasema halikuniuma. Lakini nimekwisha kusamehe, karibuni mkae. Raya, una nini, mbona umevimba macho?"

Raya akamsimulia, na mimi nikakiri kwamba nasaha ilikuwa yangu. Dija hakucheka.

"Raya, mwenyekiti alipokuuliza kama una swali, wewe ulidhani usaili umekwisha?"

"Ndiyo, ma'mdogo. Nilidhani ananiaga."

"Basi ulikuwa bado unaendelea. Pale wanatazama kama umeifikiria kazi yenyewe, au unataka kazi yoyote tu. Tena na wewe ni zamu yako kuwapima wao. Ni wewe utakayeingia kwenye moshi na mtungi wao wa hewa mgongoni."

Mimi nikasema, "Lakini Dija, kumhoji mkubwa si utovu wa adabu?"

"Inategemea unavyouliza, mama. Unaomba ruhusa, unauliza kwa kifupi, unanyamaza. Akijibu usimkatize. Hiyo ndiyo adabu yenyewe. Ukisema huna swali, wao wanasikia huna haja."

"Na la ukoo lina ubaya gani?"

"Barazani halina ubaya. Kwenye usaili, mwenyekiti anasikia hivi: tafuta undugu wetu ili unipendelee. Wenzake wamekaa pale wanamtazama. Kwa hiyo mlimwaibisha na yeye pia, bila kujua."

Uso uliniwaka. Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo.

Dija akasimama, akanionyesha mbuzi ya nazi. "Bi Biubwa, kaa hapo. Wewe leo ndiye mwenyekiti."

"Mimi?"

"Wewe. Kunja uso."

Nikakaa kwenye mbuzi, nikakunja uso. Raya akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki tano.

"Haya, binti," nikasema kwa sauti nzito, "una swali lolote kwetu?"

"Ndiyo, mzee. Mshahara ni kiasi gani?"

Dija akatikisa kichwa. "Hilo lina siku yake. Siku ya mkataba uliza, tena usitie sahihi bila kuuliza. Lakini lisiwe la kwanza kutoka mdomoni. Jaribu jingine."

"Likizo ni siku ngapi?"

"Hee! Hata kazi hujaanza, unataka kupumzika?" nikadakia, na hapo sikuwa naigiza.

Tulicheka wote. Dija akaniambia, "Mwenyekiti umejibu sawasawa." Kisha akamgeukia Raya. "Una daftari? Andika. Jiulize unataka kujua nini ili ufanye kazi vizuri na urudi kwa bibi yako salama."

Raya akafikiri. "Nataka kujua nani atanifundisha. Kule mafunzoni vifaa vilikuwa vya zamani."

"Zuri. Uliza hivi: miezi mitatu ya mwanzo, mgeni anafundishwa nini, na nani anamsimamia? Jingine?"

"Zamu. Kila zamu ina watu wangapi."

"Zuri sana, maana mtu haingii kwenye moto peke yake. Lakini kasome tangazo kwanza. Kama limeandikwa, usiulize, watajua hukusoma. Jingine? Fikiria moshi."

"Mitungi ya hewa," Raya akasema taratibu. "Nani anaikagua, na kila baada ya muda gani."

Dija akamtazama sana. "Hilo mimi sikuuliza wakati wangu. Nilipoanza kazi nilivaa mtungi ambao hewa yake ilikwisha nikiwa ndani ya jengo. Nilitoka kwa kushika ukuta. Uliza hilo, mwanangu. Na unaweza kuuliza pia: baada ya tukio baya, kikosi hukaa kuzungumza? Watu wetu huona mambo ya kutisha, wakanyamaza nayo."

"Niulize yote?"

"La. Andika matano, uliza mawili au matatu. Mengine watayajibu wenyewe mkizungumza. Sikiliza wanavyosema, maana swali bora hutoka kwenye maneno yao. Lakini la mwisho usiliache: majibu yatatoka lini, kwa njia gani, na nikiona kimya nimpigie nani? Halafu shukuru, inuka."

Tulirudia mpaka nazi ya Dija ikakauka juani. Kila nilipomkunjia uso Raya, sauti yake ilizidi kutulia.

Raya akapeleka barua, akaitwa tena. Asubuhi ile sikumpa nasaha hata moja. Nilimfungia kishikizo cha baibui tu.

Aliporudi alivua viatu, akakaa karibu yangu.

"Bwana Mwishehe alinikumbuka, bibi. Nilipoingia tu akasema, 'Binti, wewe si ndiye uliyetaka kunijua ukoo?' Nilitamani sakafu inimeze."

"Ukasemaje?"

"Nikasema, ndiye mimi, mzee. Nilikosea, naomba radhi. Sikuwa natafuta undugu. Nilikosa swali, nikashika lililokuwa karibu. Akanitazama, akasema, 'Leo umekuja nalo?' Nikasema ninayo matatu, kama mtaniruhusu."

"Alhamdulillahi. Enhe?"

"Walikuwa wamesema ghala namba tatu lina magodoro na rangi. Nikasema, moshi wa vitu hivyo ni sumu. Je, mitungi ya hewa inakaguliwa na nani, na kila baada ya muda gani? Yule mama aliyecheka siku ile ndiye msimamizi wa kikosi, anaitwa Bi Mina. Aliweka kalamu chini, akanijibu mwenyewe. Kila zamu inapopokezana, watu wawili wanakagua, wanatia sahihi. Halafu akaniambia, 'Leo umekuwa wa kwanza kuuliza hilo.' Nikauliza la mafunzo ya mwanzo. La mwisho nikauliza habari ya majibu."

"Wakasemaje?"

"Ndani ya siku kumi, kwa simu. Nikiona kimya nimpigie Bi Mina, namba kanipa."

Simu ya Raya ilikuwa imepasuka kioo, haisikiki vizuri. Kwa hiyo aliwaandikia namba yangu. Akaniambia, mimi nikaitikia, mawazo yangu yako kwenye ukili.

Siku ya saba Raya alikuwa kisimani. Simu ikaita. Namba ngeni. Matapeli siku hizi wamezidi, kila siku "ile hela tuma kwenye namba hii." Nikakata. Ikaita tena. Nikakata, nikaizima kabisa. Nikajisifu moyoni kwa werevu wangu. Wala sikumwambia mtu.

Siku ya kumi ikapita. Ya kumi na moja asubuhi Raya akasema, "Bibi, kimya. Lakini waliniruhusu kupiga." Akachukua simu yangu, akapiga, akaweka sauti ya nje.

"Raya?" Bi Mina akasema. "Tumekupigia mara mbili unatukatia! Tukajua umeghairi. Leo saa nane tunampa nafasi mwingine."

Raya akanigeukia. "Bibi, ulikata simu?"

Mara ya pili naiharibu riziki ya mtoto huyu kwa mikono yangu. Ningeweza kusema mtandao ulikuwa mbaya. Nikanyoosha mkono, nikaichukua simu.

"Mwanangu, mimi ni bibi yake, Biubwa. Aliyekata ni mimi. Nilidhani matapeli. Mtoto hana kosa, hata hakujua. Nakuomba usimwadhibu kwa ujinga wangu."

Halafu nikasikia kicheko, lakini safari hii hakikuwa cha kutuchoma.

"Bibi, bahati yenu kapiga. Angengoja mpaka kesho nafasi ingekuwa imekwenda. Mwambie aje Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na vyeti vyake halisi. Na wewe, bibi, una swali?"

Nilimtazama Raya. Machozi yanamtoka, huku anacheka.

"Ninalo moja, mwanangu," nikasema. "Kwa ruhusa yako. Huyo mtoto mchana atakula wapi huko?"

"Kikosini, bibi. Tunapika wenyewe kwa zamu. Anajua kupika?"

"Wali wake unashikana kidogo."

"Basi na hilo tutamfundisha."

Sasa Raya ana miezi minane Mapinga. Juma lililopita waliletwa wageni wanne kwenye kikosi, na Bi Mina akampa yeye kazi ya kuwaonyesha vifaa. Alipomaliza aliwaambia waulize. Mmoja akasema hana swali. Raya akaketi kwenye kiti, akawaambia atangoja mpaka lipatikane.