Rimoti Mkononi mwa Mkewe

"Leo vipi, mume wangu? Umeme unasaidia?"

"Wapi! Maumivu yako palepale."

Seremala alidanganya bila kupepesa macho. Tangu aporomoke kutoka paani akipiga kenchi, mgongo ulikuwa haumpi usingizi. Sasa madaktari walikuwa wamempenyezea nyaya nyembamba karibu na uti wa mgongo, zikaungwa na kijimashine cha umeme kiunoni, chenye rimoti yake. Majaribio ya wiki moja tu. Zikimpa nafuu, awekewe za kudumu. Zisipompa, kesho zinatolewa. Na nafuu alikuwa nayo, tena tele! Lakini alishaona ujumbe wa shemeji yake, dada wa mkewe, kwenye simu ya mkewe: "Akipona tu, njoo. Chumba chako kipo."

"Kama hausaidii, ya nini kumaliza betri?" Mkewe akachukua rimoti, akazima.

"Zima tu," akasema.

Chai haijapoa, uso ukaanza kumkunjamana. Akang'ang'ania ukingo wa meza, jasho likamtiririka.

"Washa! Nakufa, mke wangu, washa!"

Mkewe akawasha. Akavuta kiti, akamtazama mpaka pumzi zikamrudi.

"Kumbe unasaidia. Kwa nini unajitesa hivi?"

"Nikipona utaniacha. Niliona ujumbe wa dada yako."

"Na jibu langu uliliona?"

"Hapana."

"Nilimjibu nakuja."

Seremala alitumaini angekanusha. Hakukanusha.

"Ulipokuwa mzima uliniongelesha lini? Ukitoka kazini ni redio na kulala. Hilo 'mke wangu' nimeanza kulisikia ukiwa kitandani! Mgonjwa siwezi kumwacha, sina roho hiyo. Ila nimechoka kubaki kwa huruma."

Akalia. Seremala naye akalia, kwa aibu zaidi kuliko maumivu.

Kesho yake daktari akauliza, "Haya, tuweke mashine ya kudumu au tutoe?"

Seremala alimtazama mkewe aliyesimama mlangoni. "Toa" moja tu ingembakiza nyumbani.

"Weka, daktari. Imenisaidia sana. Nilikuwa nadanganya."

Walipotoka, Seremala alitembea koridoni bila kushikwa mkono.

"Sasa uko huru," akamwambia mkewe.

"Najua. Nitakuuguza mpaka kidonda cha upasuaji kipone, kisha naenda kwa dada." Mkewe akajifuta machozi kwa kiganja. "Kwake unapajua. Ukinitaka, njoo unitongoze upya. Na uje kwa miguu yako mwenyewe."