Vibao vya Paa la Bagchi

Rafiki yangu Nirupam Bagchi, wa Bhabanipur, Kalkuta, alikuwa na mama mgonjwa chini ya paa lililovuja. Paa hilo bapa la chokaa lilipigwa zamani na wanawake, kwa vibao, wakiimba, ili lishikamane lisivuje. Mkandarasi Bijoy Samanta alilibomoa, akamwaga zege.

"Mbona hamlipigi?" Bagchi alimwuliza.

"Mzee wangu, wapigaji walishakufa wote. Kawaite!"

Jioni ileile umeme ulikatika. Juu vikasikika vibao: ko, ko, ko.

"Samanta, mshenzi wewe! Zege bichi hilo! Limwangukie mama yangu?"

Bagchi alipanda gizani akitukana, akakanyaga zege hadi katikati. Hapakuwa na mtu. Vibao viligonga nyuma yake, vikanyamaza. Alipowasha tochi, nyayo zake zote zilikuwa zimeshapigwa zikasawazishwa, hadi kwenye visigino vyake.