Saa Mbili za Jumanne

"Mwali wako hayumo chumbani."

Sadalla aliibana simu kwa bega. Mikono yake yote miwili ilikuwa ndani ya friji la mteja, pale kwenye karakana yake ya Ngamiani.

"Shikamoo shangazi. Hayumo vipi?"

"Marahaba. Nimekwenda kuchukua singo, narudi nakuta khanga kitandani. Jirani anasema katoka na mwanamume kwa pikipiki. Mwembamba, ana miwani."

Huyo ni Lucas, anayefanya kazi na mchumba wake Nasma kule maabara.

Nasma alikuwa siku ya nne ndani. Bi Mwanasiti, shangazi yake Sadalla, ndiye somo, kungwi aliyemweka ndani: hatoki, haonwi, anasuguliwa singo, ule unga wa manukato, asubuhi na jioni mpaka ndoa, Ijumaa.

"Sadalla, nimeweka ndani mabinti arubaini mji huu, hakuna aliyenitoroka. Kama huyu hataki, sema sasa, watu waambiwe kabla hawajavaa."

"Nipe saa moja."

Akamwandikia Nasma: *Uko wapi?*

Jibu likaja: *Kazini. Usije, hutakiwi kuniona.*

Akaenda. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na kila alilolipanga lilikuwa kali kuliko lililotangulia.

Lucas alimpokea mlangoni.

"Bwana harusi, karibu."

"Umembeba mke wangu."

"Nimemleta kazini. Kofia ngumu nilimpa yeye, mimi nimekuja kichwa wazi."

"Pisha."

"Huko ndani huingii na hiyo grisi, kaka. Dirisha lile pale. Mpigie simu."

Nyuma ya kioo Nasma alikuwa amevaa koti jeupe na barakoa. Hina ilionekana chini ya glavu, nyeusi mpaka kwenye vifundo. Sadalla akapiga; Lucas akaingia kumpokelea Nasma simu, akaiweka mezani, spika ikiwa wazi.

"Nilikuambia usije," alisema Nasma bila kugeuka.

"Siku tatu kabla ya ndoa, Nasma. Shangazi kalowa jasho kwa aibu."

"Nimebakiza dakika arubaini."

"Hivyo vichupa Lucas hawezi?"

"Lucas ana wiki tatu hapa. Mashine ya kuchambua seli hajaijua."

"Seli tu. Si utaotesha nyingine?"

"Miaka miwili nimeziotesha hizi. Sikiliza. Mimi na wewe kila jeni tunayo mara mbili, ya mama na ya baba. Moja ikiharibika, mara nyingi ya pili inashika kazi, hata hujui kama una tatizo. Seli hizi zina nakala moja tu. Zilianzia kwa mgonjwa wa saratani ya damu, zamani, huko ng'ambo. Ndani yake tumeharibu jeni moja. Mtoto akizaliwa nayo imeharibika, anaanza shule akitembea, anaimaliza akibebwa."

"Na dawa hakuna?"

"Ndiyo tunayoitafuta. Tunavunja jeni nyingine, moja moja, tuone ipi ikivunjika seli inapata nafuu. Kwa kuwa kila jeni iko peke yake, ukiivunja unaona jibu peupe."

"Basi zikae mpaka Jumatatu."

"Hazikai. Ukiziacha, baadhi zinajirudufu, zinakuwa na nakala mbili kama sisi, kisha zinazipita nyingine kwa kasi ya kukua. Hapo ukivunja moja, nyingine inaifunika, huoni kitu. Leo natenga zilizojirudufu, zilizo safi nazigandisha. Ilipangwa Jumanne tangu mwezi uliopita."

"Ungeomba ruhusa kwanza."

Kwa mara ya kwanza Nasma aliacha kazi. Akageuka, akamtazama kupitia kioo.

"Niliomba. Fungua simu yako usome."

Hakuwa na haja ya kusoma, lakini alifungua. Ujumbe ulikuwa wa wiki mbili nyuma: *Mwambie shangazi naomba saa mbili tu za Jumanne, nitoke nimejifunika. Nikisema mimi ataona nakataa mila zenu. Wewe hatakukatalia.* Chini yake, jibu lake mwenyewe: *Nimemwambia. Usiwe na wasi.*

Hakuwa amemwambia. Alikwenda kweli, akamkuta shangazi na wenzake wakitwanga singo, wakimtania kwamba tayari ametawaliwa na mke. Akanywa chai, akarudi. Alijipa moyo kwamba Jumanne ikifika Nasma atakuwa ameshaghairi.

"Nimetoka mlango wa mbele, mchana kweupe," alisema Nasma. "Kwa sababu uliniambia anajua."

Simu nyingine ikaingia kwa Sadalla. Shangazi. Akaipokea.

"Umempata?"

"Nimempata."

"Na nani?"

"Na kazi yake. Shangazi, alikuwa ameomba ruhusa. Alinipa mimi nikufikishie, sikukufikishia."

"Kwa nini?"

"Nilikuogopa. Na wale wenzako mngenicheka."

"Kwa hiyo ukaona bora mtoto wa watu aitwe mtoro mtaa mzima."

"Ndiyo."

"Jirani yuko hapa, na wenzake watatu. Naweka sauti kubwa. Waambie wewe."

Sadalla, ambaye hajawahi kumwomba radhi hata mteja, aliegemea ukuta akasema yote: ujumbe, chai, na uongo wake. Mwanamke mmoja alicheka upande wa pili. Sadalla hakukata simu.

"Haya," alisema shangazi mwishowe. "Amalize. Arudi na huyo huyo Lucas, wewe hutakiwi kumwona. Na ajifunike vizuri, singo yangu isipigwe jua."

Sadalla akageuza mgongo kwa kile kioo, akaondoka.

Adhuhuri ujumbe ukaingia: *Zimegandishwa, zote za nakala moja. Lucas aliuacha mlango wazi, nimekusikia. Ijumaa nipo. Lakini siku utakayoniambia umesema kumbe hukusema, nitatoka mlango ule ule wa mbele, na sitarudi.*

*Nimekuelewa*, akajibu.

Wakaoana Ijumaa baada ya sala. Jumatatu saa mbili asubuhi, fungate ikiwa mbichi, Nasma alikuwa mbele ya mashine yake. Safari hii Sadalla ndiye aliyemwomba shangazi ruhusa, ana kwa ana, wenzake wote wakiwa barazani. Walimcheka mpaka chai ikapoa.