Mwizi wa Udongo wa Chekechea

Mwizi hakugusa bembea wala ofisi. Aliiba udongo. Inspekta alikwisha kukamata wezi wa kuku, wa nyaya, hata wa milango, lakini wa udongo ndiyo kwanza. Mashimo yalijipanga uwanjani, mafupi kama ya kuzikia watoto. Hapakuwa na nyasi, wala sisimizi hata mmoja.

"Zamani hapa palikuwa nini?"

"Kiwanda cha kuyeyusha betri, afande," alijibu mwalimu mkuu. "Lakini afisa mipango miji alikuja, akatuambia udongo umepimwa, ni salama."

"Watoto hawajambo?"

"Mmoja alikuwa kasuku wa darasa. Sasa hasemi kitu."

Shule ilikuwa imefunguliwa siku hiyo baada ya likizo ndefu. Alama ya gurudumu la toroli ilitoka getini, ikavuka barabara, ikaingia nyumbani kwa afisa mipango miji mwenyewe.

Bustani yake ilikuwa kijani tupu, isipokuwa chini ya bembea. Hapo palimwagwa udongo wa kijivu, wenye vipande vyeusi vya makasha ya betri. Binti yake mdogo alikaa juu yake, kimya, akipika chakula cha mchezo na kukionja.

"Udongo huu umetoka chekechea," Inspekta alimwambia afisa.

Afisa alimnyakua mtoto, akamtia kidole mdomoni, akawa anamkwangua ulimi.

"Mbona umeshtuka? Si ulisema ni salama?"

Afisa aliendelea kumkwangua mtoto. Inspekta alimchukia papo hapo.

Mtunza bustani alikuwa ameegemea toroli. Hakukimbia.

"Ni mimi, afande. Nimesomba likizo nzima."

"Kwa nini?"

"Mtoto aliyeacha kusema ni wangu. Nilimlilia bosi mpaka nikachoka. Akaniambia udongo ule hauna neno, nimlishe vizuri tu. Nikasema sawa, kama hauna neno, na wake auchezee."

"Na huyu mtoto amekukosea nini?"

Kwa mara ya kwanza mtunza bustani alimtazama yule binti.

"Hajanikosea. Kila asubuhi hunikimbilia, ananiita mjomba." Akanyoosha mikono afungwe pingu. "Wiki hii hajaniita."

Inspekta aliita kwanza gari la wagonjwa, kisha akaagiza pingu nyingine za kumfunga afisa. Afisa hata hakusikia. Alikuwa amepiga magoti, akimwita binti yake kwa jina, akimwita tena, na mtoto anamtazama tu.