Geti la Mzee Relph

"Chai inapoa."

Sauti ilimfika Wilf Tyson kupitia kidude kilichochomekwa sikioni. Maana yake ilikuwa moja: mzigo umetoka Barrow, mji unaoundwa nyambizi, na mchukuzi yumo ndani ya basi.

Tyson alifuta mvua usoni, akainua darubini yake ya Zeiss. Basi lilisimama kijiji cha Torver.

Watu wanne wakateremka.

Wote na mabegi mgongoni. Wote na buti. Wote na chupa za chai.

"Unamwona?" Alikuwa Pemberton, mkuu wake, aliyeketi London na soksi kavu.

"Naona wajinga wanne."

"Mmoja wao ndiye. Ukimgusa asiyehusika, mwenyewe anapotelea msituni."

"Na nitamjuaje?"

"Hilo ndilo tunalokulipia."

Tyson akameza tusi. Alizaliwa Coniston, ng'ambo ya kilima tu, na mpaka nywele zinaota mvi alikuwa hajawaelewa watalii hawa. Wanaacha nyumba zenye paa wanakuja kulowana. Wale wa mabasi ya kukodi aliwadharau. Hawa wanaojiita wasafiri huru, wasiotaka kundi wala kiongozi, aliwadharau mara mbili. Uhuru gani? Wana ramani ileile, koti lilelile, wanazunguka ziwa kwa njia ileile na kuishia mgahawa uleule kula keki ileile. Kisha wanarudi mjini kutamba kwamba wamegundua mahali pasipojulikana.

Adui hakukosea kumvisha mtu wake vazi hilo. Nani humtazama mtalii usoni?

Ndani ya chupa mojawapo kulikuwa na chuma kisichozidi kokwa ya tende, kilichoibwa kwenye nyambizi. Kikivuka bahari, adui angeweza kuzisikia nyambizi zote za aina ile, popote zilipojificha. Moja ilikuwa chini ya maji saa hiyo. Mpishi wake aliitwa Alan Tyson.

Mdogo wake Wilf.

Tyson alikata njia, akajilaza nyuma ya ukuta wa mawe, pale shamba la kondoo la Mzee Isaac Relph linapopakana na kichochoro cha kwenda ziwani. Wote wanne wangekatiza shambani na kutokea kichochoroni kwa geti lake. Relph mwenyewe alikuwa akipanga upya mawe yaliyoanguka.

"Umelala kwenye matope yangu, Wilf," mzee alisema bila kugeuka. "Serikali inakulipa kwa kazi hiyo?"

"Kidogo, mzee."

"Hata kidogo ni wizi."

Wa kwanza alikuwa mwanamke mnene mwenye fimbo. Alipita getini, akalifunga, akalitikisa komeo. Akamwambia Relph kwamba leo hali ya hewa si mbaya. Maji yalikuwa yakimtiririka puani.

Wakafuata mke na mume, wakigombania ramani. Mume alifunga geti huku akitukanwa. Mke akarudi kuhakikisha kwamba limefungwa.

Wa nne alikuwa mrefu, buti zake zina matope ya kutosha. Alimsalimia Relph kwa lafudhi safi, akalalamikia kriketi, akamsifia mbwa wake. Hakuna alichokosea.

Akapita. Akaenda zake.

Geti likabaki wazi.

Tyson aliduwaa. Watu wa nchi hii watamdanganya mke, watalidanganya taifa, lakini geti la mfugaji watalifunga. Mtoto hufunzwa hilo kabla hajajua kuandika jina lake.

"Pemberton. Ni huyu mrefu."

"Una ushahidi gani?"

"Hajafunga geti."

Hata London walielewa.

"Mkamate."

Tyson aliruka ukuta, bastola yake ya Walther mkononi. Yule mtu akageuka, akachomoa bastola, akafyatua. Risasi ikapasua jiwe kando ya sikio la Tyson.

Hapo kondoo wakashtuka.

Kundi zima la Relph, manyoya ya kijivu na akili haba, lilimiminika kupitia geti lililoachwa wazi na kujaza kichochoro ukuta hadi ukuta. Range Rover nyeusi iliyokuwa ikimngoja mchukuzi ilitokeza konani. Ikapiga honi. Kondoo wakaitazama. Nyuma yake gari la polisi, lililoitwa na Pemberton, likaziba njia.

Mchukuzi alizama katikati ya kondoo mpaka mapajani. Hasogei mbele wala nyuma. Alipoinua tena bastola, kondoo dume alimpiga kichwa gotini, bastola ikamponyoka.

Tyson alitembea juu ya ukuta taratibu, akasimama mbele yake.

"Chupa."

"Bwana, mimi ni mtalii tu. Najitembelea."

Relph aliwapenya kondoo wake, akamchapa fimbo ya mgongo.

"Mtu mzima hovyo," alisema. "Kwenu hakuna mageti?"

Tyson aliitwaa chupa, akaimwaga chai. Chuma kikaanguka kiganjani mwake, cha moto. Akakifumbata, akamfikiria Alan na supu zake mbovu.

"Chai imenyweka," aliiambia redio.

"Kazi safi. Panda treni, waziri anataka kukuona."

"Akangoje. Kuna kondoo wa kurudisha."

Akaizima.

Kondoo wa mwisho alipoingia, mwanamke wa fimbo alikuwa amerudi kuona zogo. Alimtazama mrefu mwenye pingu, akazitazama bastola, akamuuliza Tyson kwa sauti ya chini jamaa kafanya nini.

"Ameacha geti wazi, mama."

Mwanamke aliziba mdomo kwa mkono.

"Basi wamfunge," alisema.

Tyson alishusha komeo, akalitikisa, akashika njia ya Coniston mvuani.